Chupa Saba za Bibi Mu

Kijijini kwetu Liushuwan hatupigi chafya hovyo. Ukipiga chafya mbele za watu uwe umejiandaa, maana jirani wa kushoto atakuuliza umetundikiwa dripu lini, na wa kulia atakuuliza umetundikiwa chupa ngapi. Ukijibu kwamba hujatundikiwa hata moja, wote wawili watakutazama kwa ile huruma anayotazamwa mzazi aliyetupwa na watoto wake. Sisi ni watu wastaarabu bwana. Kwetu mafua ni ugonjwa wa sindano, na maji ya tangawizi ni ya watu wasiozaa.

Na katika ustaarabu huo hakuna aliyemfikia Mu Caixia, mke wa mzee Geng Shouyi mkulima wa ngano. Bibi Mu alikuwa na miaka sitini na miwili, mfupi, mkakamavu, mdomo haukosi mbegu za alizeti. Kiti chake katika chumba cha dripu cha Daktari Rao kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, karibu na jiko la makaa, na ole wako akukute umekikalia. Chumba kilikuwa na viti kumi na viwili na waya mmoja uliovutwa ukuta hadi ukuta, chupa za kioo zimening'inia juu yake, mirija imeshuka hadi kwenye mikono ya watu. Walikuja na sweta za kufuma, karata na umbea wa wiki nzima. Harusi mbili zilipangwa humo, na ndoa moja ilivunjikia humo humo, mume akiwa na sindano mkononi kwa hiyo hakuweza kukimbia.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya baridi kuingia na baada ya baridi kutoka, wazee walikwenda kutundikiwa hata kama hawaumwi popote. Kusafisha mishipa, ndivyo tulivyosema. Watoto wao waliokuwa viwandani kusini ndio walioagiza kwa simu, na hapo ndipo hesabu ya chupa ilipopata heshima yake. Mzee wa chupa tatu, watoto wanamkumbuka. Mzee wa chupa tano, huyo kweli amezaa. Bibi Mu alitundikiwa saba kila msimu, na siku ya saba alirudi nyumbani kwa kupitia sokoni, ingawa njia ya mkato ilikuwa nyuma ya zahanati, plasta nyeupe kaiacha juu ya mkono makusudi. Mwaka mmoja jirani yake Bibi Kuang, aliyepewa sita, aliugua wivu mpaka ikabidi aongezewe moja.

Daktari Rao naye hakuwa mchoyo. Karibu kila chupa aliitia dawa ya kuua bakteria, bakteria wawepo wasiwepo. Alijua vizuri kwamba dawa hiyo haina habari na mafua, maana mafua huletwa na virusi, na virusi haviijui wala haviiogopi. Lakini alijua pia kwamba mgonjwa ukimwambia akalale na anywe maji, anavuka daraja kwa daktari mwingine, na kesho kata nzima inasema Rao kazeeka. Basi akatundika. Dawa ndogo zilipoanza kuzembea akapanda kwenye kubwa, na kubwa zilipozembea akapanda kwenye kubwa zaidi. Mtu mwenye makamasi alipigwa kwa silaha ya kuangusha ngome, akapona baada ya siku saba, ambazo ndizo siku zile zile ambazo angepona bila chochote. Akarudi na mayai ya shukrani.

Kabla hujamcheka Bibi Mu, ngoja nikuambie jambo. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake wa kiume alivimba koo. Mama yao alimfunga kitambaa cha chumvi ya moto, akampulizia, akamwimbia. Dawa ilikuwapo mjini, lakini mjini ilikuwa mbali na dawa haikuwa ya watu kama wao. Siku ya tatu mtoto hakuamka. Miaka mingi baadaye, Bibi Mu akiwa mama, mwanawe wa kwanza Weilin aliingiwa na homa ya mapafu, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Safari hii muuguzi alikuwa na kichupa cha penisilini. Alichoma jioni, na asubuhi mtoto akalia akitaka kunyonya. Tangu asubuhi hiyo Bibi Mu hakuuliza tena dawa ni ya nini. Kwake kilichomtenga mtoto hai na mtoto maiti kilikuwa kile kichupa, na nani angethubutu kumwambia vingine?

Ndipo akaja Nini. Weilin na mkewe Peiyun walimwacha mtoto kwa bibi yake akiwa na miezi minane, wakarudi kwenye kiwanda cha viatu kusini, kama walivyofanya nusu ya vijana wetu. Kazi ya Bibi Mu ikawa moja tu: mtoto asiumwe. Kila Jumapili simu ililia, na swali la kwanza la Peiyun lilikuwa hilo hilo, na jibu la Bibi Mu lilikuwa tayari: alikohoa kidogo Jumanne, nikamtundikia Jumanne hiyo hiyo. Upande wa pili mtu alishusha pumzi. Mkamwana gani asingejivunia mama mkwe kama huyo?

Alipofika miaka mitano, Nini alikuwa ametundikiwa mara nyingi kiasi kwamba muuguzi wa Rao alitafuta mishipa mkono huu, mkono ule, mguuni, kama mtu anayetafuta funguo alizozipoteza. Kwa siku ambazo zahanati ilifungwa, Bibi Mu alikuwa na bati la keki za sikukuu ya mwezi, lenye picha ya sungura kifunikoni, limejaa vidonge vya rangi mbili. Alivifungua akanyunyiza kwenye uji wa mtoto, nusu leo, nusu kesho, na kikohozi kikipungua anaviacha, vya nini kuviharibu? Mzee Geng alichota humo humo kuwapa kuku. Nyumba ile hata kuku hawakuruhusiwa kupiga chafya.

Tangazo la afya lililetwa, tusiseme hatukuambiwa. Lilisema dawa za kuua bakteria haziponyi mafua, na kwamba bakteria wanaozoeshwa dawa huwa sugu. Rao alilibandika nyuma ya mlango, mahali linapoonekana mlango ukifungwa, na mlango ule haukufungwa mchana hata siku moja. Kijana wa wilaya aliyelileta alijaribu kuwaeleza watu waliokaa vitini. Bibi Mu alimsikiliza kwa adabu huku akitema maganda, kisha akamuuliza kama ana watoto. Kijana akasema bado. Chumba kizima kikacheka, na somo likaishia hapo. Sikio la kufa halisikii dawa, na sisi tulikuwa na masikio ya aina hiyo kata nzima.

Masikio yenyewe tulikuwa na mfano wake barabarani. Bwana Bai, muuza tofu, alikuwa kiziwi. Alichomwa sindano za homa akiwa mdogo, dawa fulani ya zamani, homa ikaenda na usikivu ukaenda nayo. Alipita na mkokoteni wake akigonga kibao ambacho yeye mwenyewe hakukisikia. Bibi Mu alimhurumia sana. Dawa za zamani zilikuwa za kishenzi, alisema, siku hizi zimekuja za kisasa, hazina madhara.

Vuli ya mwaka huo Nini alipata homa. Haikuwa ya mafua. Mtoto alishika ubavu, akalia kila akienda haja ndogo. Bibi Mu hakupoteza hata saa moja. Rao akatundika. Siku ya pili homa iko pale pale, Rao akabadilisha. Siku ya tatu akatoa kile alichokificha kwa ajili ya wakubwa, chupa yenye maandishi ya kigeni, na Bibi Mu akatulia maana hiyo ndiyo aliyoiamini. Jioni mtoto alikuwa wa moto kuliko asubuhi, anatetemeka, midomo imekauka, na hakumtambua babu yake.

"Rao, umetia nini humo leo, maji ya kisima?" Bibi Mu aliuliza, na watu wakacheka kidogo kwa mazoea.

Rao hakucheka. Alikaa kwenye kigoda mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada Mu, mimi nimeishiwa," alisema. "Mpeleke wilayani sasa hivi."

Kwenye hospitali ya wilaya alipokelewa na Dokta Yin, binti mwembamba aliyefunga nywele kwa mpira wa kufungia karatasi. Alimpima mtoto, akachukua damu na mkojo, akasema figo limeingiliwa na bakteria na sasa wamemwagika kwenye damu. Kisha akauliza mtoto amewahi kutumia dawa gani. Hapo Bibi Mu alijiona yuko nyumbani. Akafungua mkoba, akatoa bati la sungura, akaanza kutaja: hii mara kumi, ile sikumbuki, ile nyingine kila masika na vuli ili kumwimarisha. Dokta Yin aliandika mpaka akageuza ukurasa. Bibi Mu akafurahi kuona malezi yake yanaandikwa kwa kirefu namna ile.

Siku ya pili yake dawa za hospitali nazo hazikuwa zimefanya kitu. Nini alilala macho nusu wazi, pumzi fupi fupi. Dokta Yin akamwita Bibi Mu chumba cha pembeni, akamwonyesha kisahani cha plastiki chenye kifuniko. Ndani yake palitandaa utando kama ukungu wa juu ya uji uliolala, na juu ya utando kulikuwa na vikaratasi vinane vya mviringo.

"Hawa ndio bakteria wa Nini," alisema. "Kila kikaratasi kina dawa yake. Dawa ikiwaweza, pembeni yake panabaki peupe, kama mahali palipopaliliwa."

Bibi Mu hakujua kusoma, lakini shamba lililotekwa na magugu alilijua tangu utotoni. Alikisogeza kisahani dirishani. Kikaratasi cha kwanza, magugu hadi mlangoni. Cha pili vile vile. Alienda navyo kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, hadi cha saba, na vyote saba vilikuwa vimezingirwa. Saba, hesabu ile ile aliyokuwa akiitembeza sokoni. Cha nane tu ndicho kilichokuwa na duara jeupe.

Akauliza cha nane ni dawa gani. Dokta Yin akaitaja, na jina lile kila mtu kwetu alilijua. Ilikuwa sindano ya Bwana Bai.

"Hiyo inaua masikio," alisema.

"Inaweza. Si kila mtoto," Dokta Yin alijibu. "Tutampa kidogo kadiri inavyowezekana, na tutampima kila siku. Lakini bila hiyo, bibi, sina kingine cha kumpa."

"Na hizi saba?"

"Hizi saba wameshazizoea. Wamezionja tangu mtoto ana miezi minane. Kila ulipompa pasipo sababu, wanyonge walikufa, wale wagumu wakabaki wakazaana."

Alisema bila ukali, na afadhali angefoka. Bibi Mu alijua kufokewa na alijua kujibu. Hili hakulijua. Weilin na Peiyun walikuwa ndani ya treni, safari ya siku nzima na zaidi, simu haishiki. Karatasi ya ruhusa ikawekwa mbele yake. Aliogopa kama alivyoogopa akiwa na miaka kumi na mmoja, tofauti ni kwamba safari ile walikosa dawa, na safari hii alikuwa amezimaliza zote kabla ya vita kuanza. Akachovya kidole gumba kwenye wino mwekundu, akabandika.

Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya tano Nini aliomba tambi, akakataa za hospitali. Peiyun, aliyefika macho yamevimba, alimshika mama mkwe wake mikono akamwambia kwamba mtoto amezaliwa mara ya pili, na safari hii kamzaa yeye Bibi Mu. Bibi Mu akasema na ale tambi. Baada ya siku kumi wazazi walirudi kiwandani, maana kiwanda hakina mjukuu.

Kijiji kilimpokea kwa shangwe. Bibi Kuang alileta mayai thelathini na ushauri: unaona sasa, mtoto dhaifu huyu, lazima umtundikie zaidi. Bibi Mu alipokea mayai.

Mwezi mmoja baadaye alimrudisha Nini kupimwa masikio, kama alivyoagizwa. Wakamvalisha mtoto vidude kichwani, wakampa vijiti vya kutia koponi kila akisikia mlio. La kulia usikivu wake ulipungua kidogo. La kushoto, vijiti vilibaki mkononi. Dokta Yin alisema halitarudi. Akasema pia kwamba mafua yakija aachwe yapite, maji, uji, usingizi, na akamtajia dalili za kumleta mbio: homa isiyoshuka siku tatu, pumzi za haraka, mkojo wa maumivu. Bibi Mu alizikariri njia nzima. Nyumbani alimweleza mzee Geng peke yake. Mzee alitoka nje, akaenda kusimama kwenye banda la kuku, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Wazazi wa mtoto hawakuambiwa. Kila Jumapili Bibi Mu aliweka simu kwenye sikio la kulia la Nini, na Peiyun akasikia mtoto anajibu vizuri.

Baridi ikatoka. Watu wakaanza kujipanga kwa Rao kusafisha mishipa, na Nini akaanza makamasi.

Siku ya kwanza Bibi Mu alikaa kando ya kitanda, mikono mapajani. Mikono ile haikuwahi kukaa. Siku ya pili ilimwasha kabisa. Alikwenda hadi mlango wa zahanati, akanusa ile harufu ya spiriti, akageuka. Alipima homa, ilikuwa ndogo. Alihesabu pumzi. Aliuliza kuhusu mkojo mpaka mtoto akakasirika. Bati la sungura alikuwa amelikabidhi kwa Dokta Yin, kwa hiyo hata kulifungua kwa tamaa asingeweza. Hakuna chupa hata moja kati ya zile saba iliyomchosha kama kule kukaa bure.

Liushuwan nayo haikukaa bure. Kiti cha tatu kilikuwa tupu, na Bibi Kuang akakikalia, na kutoka hapo habari zikasambaa: Mu kawa bahili, Weilin kafukuzwa kazi, mjukuu anapewa tangawizi. Tangawizi! Mtu mwema mmoja, na kwetu hawakosekani, akampigia Peiyun simu kule kusini. Peiyun akapiga nyumbani huku analia. Mama, kweli Nini anaumwa na hujampeleka?

Bibi Mu akamwambia, kwa sauti kavu, kwamba ametundikiwa. Picha itakuja.

Kila nyumba kwetu ina chupa tupu ya dripu. Hujazwa maji ya moto, huvikwa soksi, hulazwa miguuni wakati wa baridi. Ni kifaa kizuri sana. Bibi Mu akaijaza ya kwake, akaifunga kwenye msumari wa kalenda, akachomeka mrija wa zamani, ncha yake akaibandika kwa plasta juu ya mkono wa Nini.

"Bibi, sindano iko wapi?" Nini aliuliza.

"Leo haina sindano."

"Basi hii ndiyo nzuri," mtoto alisema, akaendelea kumenya mbegu za alizeti.

Picha ikaenda. Haikuchukua muda simu ikalia, Peiyun ametulia, karibu anacheka, nyuma yake mashine za viatu zinanguruma. Alimshukuru mama mkwe wake. Alisema watu wana midomo michafu. Kisha akaomba jambo moja tu: aongeze chupa ya pili, na kesho ya tatu, yasije yakatokea ya mwaka jana.

Bibi Mu aliitazama chupa kwenye msumari. Angeweza kusema haya, nitaongeza, na angebaki mama mkwe bora wa kata nzima.

"Ongea na mwanao," alisema, akafungua sauti hadi mwisho, akaiweka simu kwenye sikio la kushoto la Nini, imegusa kabisa, na la kulia akaliziba kwa kiganja.

Peiyun aliita. Nini, ni mama. Akaita tena. Nini alipasua mbegu, akatoa kiini, akala, akachukua nyingine. Sauti ya mama yake ilijaa mkononi mwa Bibi Mu mara ya tatu, mara ya nne, na mtoto alikuwa anatafuta mbegu kubwa.

"Mama, simu yako imeharibika?"

"Simu ni nzima, mwanangu," Bibi Mu alisema. "Sikio lake la kushoto ndilo lililokufa, tangu vuli. Nimeliua mimi kwa chupa zangu. Nilizimaliza dawa zote kwenye makamasi, ugonjwa ulipokuja nikakuta imebaki ile ya Bwana Bai. Na hiyo ya kwenye picha ni maji ya moto. Nimekudanganya. Sitamtundikia mafua tena, hata mkinitangaza sokoni."

Bibi Mu alingoja matusi, na aliyataka.

"Mwekee la kulia," Peiyun alisema.

Akaiweka la kulia. Nini aliacha mbegu, akaishika simu kwa mikono yote miwili, akaanza kumweleza mama yake habari za chupa isiyo na sindano. Bibi Mu akaishusha chupa kutoka kwenye msumari, akaivika soksi ya mzee Geng, akailaza chini ya miguu ya mtoto. Ilikuwa bado ina joto.